Malimbuko ya Tangi la Jecinta

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Julai 2025. Asubuhi hiyo mtaa wa Buruburu ulifunikwa na ukungu. Manyunyu yalianguka bila sauti. Baridi ilipenya hadi chini ya blanketi.

Jecinta Mukami aliamka kabla ya mume wake, kama kawaida. Alijifunga leso mabegani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alimwombea mume wake, Muriuki. Alimwombea binti yao, Lorraine, aliyekuwa chuoni Nyeri. Mwisho aliwaombea samaki wake.

Labda wewe utacheka ukisikia mtu anaombea samaki. Jecinta hakuona haya. Samaki hao walikuwa wameahidiwa kwa Mungu.

Kanisani kwao kuna Jumapili ya Mavuno. Huwa ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Julai. Siku hiyo kila mtu huleta malimbuko, yaani matunda ya kwanza ya kazi yake. Wenye mashamba huleta mahindi na ndizi. Watu wa mjini hununua sukari na unga dukani, wakaleta hivyo hivyo. Kila mwaka Jecinta alibeba sukari yake madhabahuni akiwa ameinamisha kichwa. Aliona kwamba sukari hiyo ilikuwa jasho la watu wengine.

Mwaka huu alitaka kuleta kitu alichokilea kwa mkono wake. Ndiyo maana, mwezi wa Oktoba uliopita, alinunua vifaranga vya samaki aina ya tilapia. Fundi alilikata sehemu ya juu tangi kubwa jeusi la plastiki. Wakaliweka mbele ya nyumba, chini ya dirisha. Kisha Jecinta alisimama mbele ya akina mama wa kanisa, akaweka nadhiri. Alisema ataleta samaki siku ya Mavuno. Alisema pia kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeonja hata mmoja kabla madhabahu haijapokea.

Samaki walikua vizuri. Mwezi wa Mei ulipokaribia kwisha, wengi walikuwa wanajaza sahani. Tena walikuwa wamezaa, na watoto wao walikuwa humo humo tangini.

Muriuki, aliyekuwa fundi wa friji, alisimama hapo kila jioni akiwatazama. Alimwambia mke wake kwamba samaki hao wako tayari, wavuliwe. Jecinta alikataa. Alisema nadhiri ni nadhiri.

"Basi hawa si samaki tena," Muriuki alisema. "Ni wapangaji. Wanakula, wanalala, na kodi hakuna."

Kisha Juni ikaja na baridi yake.

Jecinta alikumbuka maneno ya yule mtu aliyemwuzia vifaranga. Mtu huyo huuza pia chakula cha samaki, kile cha tembe. Alikuwa amemwambia, "Wakati wa baridi uongeze chakula, mama. Hata wewe si unakula zaidi kukiwa na baridi?"

Maneno hayo yalimwingia. Ni kweli kwamba wakati wa baridi watu wa nyumba yake walikula zaidi. Walikula githeri moto, mahindi na maharagwe, wakaongeza chai. Basi Jecinta aliongeza tembe asubuhi na jioni. Juu ya tembe aliongeza ugali uliobaki, na githeri iliyobaki. Alitaka samaki wa Mungu wawe wanono.

Maji yakaanza kunuka.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Salme, ambaye watu humwita Mama Farid. Wazazi wake walitoka Lamu, lakini yeye alizaliwa Nairobi. Dirisha la jiko lake lilitazama lile tangi. Salme alikuja mara mbili kumwambia Jecinta kwamba maji yale hayako sawa. Mara ya kwanza Jecinta alimjibu kwamba samaki hawanuki kama waridi. Mara ya pili alifunga dirisha.

Asubuhi hiyo ya Jumanne, baada ya sala, Jecinta alitoka nje na sufuria ya ugali wa jana. Alipofika kwenye tangi alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Samaki wanne walikuwa wanaelea, matumbo juu. Wengine walikuwa wamekaa chini bila kucheza. Ugali wa jana ulikuwa bado unaelea upande mmoja, umevimba.

Moyo wake uliwaka. Mavuno yalikuwa karibu. Aliona jinsi atakavyosimama mbele ya akina mama wa kanisa mikono mitupu, baada ya kutangaza kwa sauti kubwa namna ile.

Koti lao lilikuwa na nyumba chache zilizozunguka uwanja mmoja, zote zikitumia geti moja. Mlinzi wa geti aliitwa Andati. Jecinta alimwendea moja kwa moja, akamwuliza ni nani amekaribia tangi lake.

Andati alifikiri kidogo. "Nimemwona Mama Farid hapo jana mchana, ulipokuwa umeenda kazini," alisema. "Alikuwa na ndoo."

Alitaka kuendelea, lakini Jecinta alikuwa ameshaondoka.

Alibisha mlango wa Salme kwa kiganja kizima. Salme alifungua akiwa na unga wa mahamri mikononi. Kabla hajasalimu, Jecinta alimwuliza kwa sauti kubwa alichomwaga tangini kilikuwa nini. Sabuni? Jiki ya kufulia? Milango ikaanza kufunguka. Watu walitoka na miswaki midomoni. Mwenye nyumba ya mwisho alizima redio ili asikie vizuri.

Salme alisema hakumwaga kitu.

"Umeonekana na ndoo," Jecinta alisema. "Na ulijua hao samaki ni wa kanisa. Kama si wa kanisa, ungewagusa?"

Koti zima lilimgeukia Salme. Hata Jecinta mwenyewe alisikia kwamba neno lile lilikuwa baya. Lakini hasira ni kama mteremko. Hakurudi nyuma.

Salme alijipangusa unga kwenye leso, polepole.

"Farid na Lorraine walinyonya hapa, kwenye kizingiti hiki kimoja," alisema. "Krismasi nakula kwako. Idd unakula kwangu. Leo nimekuwa adui wa kanisa, Mama Lorraine? Kwa samaki? Mungu anakuona, na mimi nimekusikia."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jecinta alirudi kwake. Aliwatoa samaki waliokufa, akawafukia. Kisha alifikiri kwamba wale waliobaki wanaumwa kwa baridi, kama mtu anavyoumwa. Wakati huo wa mwaka, kila nyumba ya Nairobi huchemsha maji ya kuoga. Basi Jecinta alichemsha sufuria kubwa ya maji, akayamimina tangini. Samaki waliruka juu, wakatawanyika, wakazama. Alifikiri wamefurahi.

Jumatano asubuhi wengine saba walikuwa wamekufa.

Sasa Muriuki naye alikasirika. Alisema jambo hili haliwezi kuachwa hivi. Alijua kwamba kuna afisa wa uvuvi anayewatembelea wafugaji wa mtaa. Alisema watamwita aje apime maji. Akipata sumu, watampeleka Mama Farid kwa chifu, wakiwa na ushahidi mkononi.

Afisa huyo alikuja Alhamisi. Alikuwa mama wa makamo, Bi. Nalianya. Alivaa gambuti na koti zito la mvua, na alibeba wavu mdogo wenye mpini mrefu. Alionekana kama mtu ambaye amekasirika tangu nyumbani.

Muriuki alianza kumweleza juu ya jirani na ndoo. Bi. Nalianya aliinua mkono.

"Baba, ngoja. Kwanza niongee na maji."

Aliinama akanusa. Alikunja uso. Kisha alitumbukiza kipimajoto kilichofungwa kwa kamba, akangoja.

"Mama, hebu tia mkono wako humu," alimwambia Jecinta. "Mpaka kwenye kiwiko. Uache hapo."

Jecinta alitia mkono. Maji yaliuma. Baada ya muda mfupi vidole vyake vilianza kufa ganzi. Alitaka kuutoa.

"Uache," Bi. Nalianya alisema. "Samaki hawawezi kutoka. Wewe umekaa dakika moja. Wao wamekaa tangu Juni."

Kisha alitoa kipimajoto. Kilionyesha nyuzi kumi na sita.

"Tilapia ni samaki wa maji ya uvuguvugu," alisema. "Anapenda nyuzi ishirini na tano, hata thelathini. Wewe ukisikia baridi, mwili wako unajipasha moto wenyewe. Ndiyo maana unasikia njaa. Unakula ili upate joto. Samaki hana joto lake. Mwili wake unakuwa baridi sawa na maji. Maji yakipoa, tumbo lake linalala. Chini ya nyuzi ishirini anakula kidogo sana. Yakifika kama haya, anaacha karibu kabisa. Yakishuka sana kupita hapa, anakufa. Ulikuwa unawalisha mara ngapi?"

Jecinta alisema ukweli. Tembe asubuhi na jioni. Ugali. Githeri.

Bi. Nalianya alizamisha wavu wake hadi chini kabisa, akaukokota, akauinua. Wavu ulijaa tope jeusi. Ndani ya tope kulikuwa na tembe zilizooza, mabonge ya ugali, na maharagwe. Harufu ilimfanya Muriuki arudi nyuma.

"Sumu mliyoniita niitafute ni hii," alisema. "Chakula kisicholiwa kinaoza. Kikioza, kinamaliza ile hewa ya majini ambayo samaki anaivuta. Tena kinatoa kitu kikali kinachomchoma mashavu, yale anayopumulia. Samaki amepoa, amedhoofika, halafu anakosa pumzi. Sasa niambieni, aliyetia sumu hii ni nani?"

Jecinta aliuliza kwa sauti ndogo juu ya maji ya moto. Aliposikia hayo, Bi. Nalianya alifumba macho.

"Mama, samaki hapashwi moto kama chai. Maji yakibadilika ghafla, moyo wake unashtuka. Wengine hufa siku hiyo, wengine kesho yake." Alimtazama Jecinta, akaona machozi. Sauti yake ikabadilika, lakini hasira yake haikwisha. Ilihama tu. "Nani alikuuzia samaki hawa? Hakukuambia neno moja juu ya baridi?"

Jecinta alimweleza yale maneno ya mwuzaji.

"Ongeza chakula," Bi. Nalianya alirudia. "Bila shaka aongeze chakula, kwa sababu chakula ni chake. Mwezi huu nimezika samaki wengi kuliko niliokula maisha yangu yote. Koti hili, koti lile, hadithi ni moja. Mtu mzima anamwuzia mama wa watu kiumbe chenye uhai, halafu anamficha jambo moja tu ambalo lingemwokoa. Huo si ujinga. Mjinga ni asiyejua. Huyu anajua."

Aliinama tena juu ya tangi. Safari hii alitazama kwa muda mrefu upande wa ukuta.

"Kuna jambo silielewi," alisema. "Kwa uchafu mliotia, hapa hapangebaki hata mmoja. Lakini huku upande mmoja, chini ni safi. Kuna mtu amekuwa akitoa mabaki. Ni nani?"

Jecinta alimtazama Muriuki. Muriuki alitikisa kichwa.

Andati alikuwa amesimama karibu, akiegemea fimbo yake. Alikohoa.

"Ni Mama Farid," alisema. "Wiki mbili sasa. Anakuja na ndoo tupu na chujio lake la chai, lile kubwa. Akiondoka ndoo imejaa huo uchafu. Anaumwaga kwenye migomba kule nyuma ya ukuta."

Jecinta alimgeukia. "Mbona hukuniambia, Andati?"

"Uliniuliza ni nani, mama. Nikajibu. Nilipotaka kusema alikuwa anafanya nini, ulikuwa umeshafika mlangoni kwake."

Muriuki alikaa kwenye ngazi. Alisema polepole kwamba walimwita afisa aje amkamate mtu ambaye ndiye aliyewaokoa samaki wao.

Bi. Nalianya hakuwapa nafasi ya kukaa na aibu yao. Alisema aibu haisafishi maji. Aliwaonyesha kazi, na wakaifanya mchana huo huo.

Kwanza waliacha kulisha kabisa. Kisha walitoa tope la chini kwa mpira wa kunyonyea maji. Waliondoa maji kidogo tu, kama robo ya tangi. Bi. Nalianya aliwakataza kujaza kutoka bombani. Alisema maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo inaumiza samaki, tena maji yenyewe ni baridi. Walitumia maji yaliyokuwa yamekaa siku kadhaa kwenye mapipa ya Muriuki, bila kifuniko, kwa sababu dawa huwa imetoka. Waliyamimina taratibu, kwa kikombe na kwa subira.

Alipotazama juu, Bi. Nalianya aliona mfereji wa paa. Mdomo wake ulikuwa juu ya tangi. Kila manyunyu yalipoanguka, maji baridi ya paa yalishuka juu ya samaki. Muriuki aliugeuza mfereji siku hiyo hiyo. Kisha wakatandaza karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga juu ya tangi, wakaifunga pembeni, wakiacha nafasi upande mmoja ili hewa ipite. Usiku ingezuia joto lisitoroke. Mchana jua likitoka ingefunuliwa.

"Sasa hawa wakubwa," Bi. Nalianya alisema. "Walikuwa tayari lini?"

"Mei," Muriuki alisema, bila kumtazama mke wake.

"Basi wangevuliwa Mei. Kabla baridi haijaingia, mtu mwenye tangi anavua wakubwa wote. Anabakiza wadogo wachache, wapate nafasi na hewa. Hapa mmewabananisha wakubwa na watoto wao, mkawaingiza kwenye baridi pamoja. Mlikuwa mnangoja nini?"

Jecinta alimweleza juu ya nadhiri. Bi. Nalianya alisikiliza kwa heshima. Alisema mambo ya madhabahu hawezi kuyaingilia, yeye ni mtu wa samaki. Alichojua ni kwamba wakubwa hao wasingoje hata wiki moja zaidi. Wavuliwe Jumamosi, na yeye angekuja asubuhi kuwaonyesha namna.

Usiku huo Jecinta alipiga magoti kama kawaida, lakini maneno hayakuja. Kila alipoanza kusema "Baba yetu," aliona unga kwenye mikono ya Salme.

Kisha aliona jambo ambalo hakuliona tangu Mei. Malimbuko ni ya kwanza. Samaki wa kwanza walikuwa tayari wakati wa jua. Yeye aliwashika kwa sababu alitaka siku kubwa, watu wengi, na macho ya akina mama wenzake. Alikuwa anataka kumpa Mungu masalio, akiyaita malimbuko. Na katika kulinda sadaka hiyo alimtukana jirani yake. Alijua anachotakiwa kufanya mtu mwenye sadaka mkono mmoja na kosa mkono wa pili. Aiweke sadaka chini, aende kwanza.

Ijumaa asubuhi alikwenda. Alipitia mlango wa nyuma, wa jikoni, ili watu wasimwone. Salme alikuwa anaosha vyombo. Jecinta alimwambia amejua ukweli, na amekuja kuomba radhi. Alilia.

Salme hakuacha kuosha. Alisema alikuwa anatoa ule uchafu kwa sababu mbili. Moja, harufu ilikuwa inaingia katika chakula chake. Mbili, alijua jinsi Mama Lorraine anavyowapenda samaki hao, na aliona wanahema juu ya maji kama watu wenye pumu. Hakusema, kwa sababu aliposema alifungiwa dirisha.

"Nisamehe, Salme," Jecinta alisema.

Salme aliweka sufuria chini.

"Jumanne ulinitukana wapi?"

Jecinta alitazama mlango aliopitia.

"Ulinitukana uwanjani. Mpaka redio ilizimwa ili isikike vizuri ninavyoitwa adui wa kanisa. Tangu siku hiyo nikipita na ndoo ya nguo, watu wananitazama ndoo. Wanangu wananiuliza. Halafu leo unakuja kuniomba radhi jikoni, kupitia mlango wa nyuma?" Alijipangusa mikono. "Jina langu ulilivunja mbele ya watu, Mama Lorraine. Ulirudishe hapo hapo ulipolivunja. Mimi sina kinyongo. Lakini msamaha wa jikoni sitaki."

Jecinta alitaka kukasirika. Hasira ilianza hata kupanda. Kisha akaona kwamba hakuna neno hata moja la uongo katika maneno hayo. Aliinamisha kichwa, akasema ni haki.

Siku hiyo pia alimpigia mchungaji wake simu. Alimwambia kwamba samaki hawawezi kungoja Mavuno. Mchungaji alishangaa. Alisema hakuna aliyewahi kuzuiwa kuleta malimbuko mapema, na kwamba samaki hao wangepelekwa moja kwa moja kwa wazee ambao kanisa linawatunza.

Jumamosi jua lilichungulia kidogo. Bi. Nalianya alikuja na wavu mkubwa na kasha la barafu. Alifurahi kusikia kwamba tangu Alhamisi samaki hawajapewa chochote. Alieleza kwamba samaki anayevuliwa awe hajala kwa siku moja au zaidi, ili tumbo liwe tupu na nyama isiharibike haraka. Maji yalikuwa safi, hayanuki tena.

Watu wa koti walianza kutoka mmoja mmoja. Wengine walikuja na vikombe vya chai. Wengine walijifanya wanaanika nguo. Salme alisimama mlangoni kwake, mikono imekunjwa.

Walipunguza maji hadi samaki wakaonekana migongo. Bi. Nalianya alipitisha wavu taratibu, bila kuwakimbiza. Alisema ukimkimbiza samaki huyu kwenye baridi, unamchosha na nyama inapoteza ladha, na wale wadogo wanaobaki wanaweza kuugua. Wakubwa aliwatia mara moja kwenye beseni lenye maji na barafu nyingi. Humo walitulia haraka bila kuteseka. Wadogo hakuwagusa kwa mkono. Aliwaacha majini, na Muriuki akawaongezea maji ya mapipa.

Alimwonyesha Jecinta samaki mzuri alivyo. Jicho lake linang'aa. Mashavu yake ndani ni mekundu. Ukimbonyeza, nyama inarudi. Alisema aliyekufa mwenyewe tangini haliwi kamwe, hata akionekana mzuri. Anafukiwa.

Kisha wakatoa matumbo, wakawaosha kwa maji safi, wakawapanga kwenye kasha, barafu chini na barafu juu. Kasha lilijaa, tayari kupelekwa kanisani siku hiyo hiyo. Mtu mmoja aliuliza kama wadogo watakufa na baridi. Bi. Nalianya alisema ni wachache, wana nafasi, na wana kifuniko. Walishwe konzi ndogo tu, mchana, siku jua likitoka. Wasipopanda juu kula, chakula kitolewe. Mwezi wa Septemba, joto likirudi, waongezewe polepole.

"Na vifaranga vipya vinunuliwe wakati huo," alisema, akiwageukia watu wote. "Na mwuzaji akikwambia uongeze chakula wakati wa baridi, mwambie akaongeze kwake."

Watu walicheka. Andati alicheka zaidi ya wote.

Jecinta hakucheka. Alichukua samaki mkubwa kuliko wote, aliyekuwa juu ya barafu, akamweka kwenye sinia. Akavuka uwanja. Vicheko vilikatika. Alisimama mbele ya mlango wa Salme, pale pale aliposimama Jumanne. Sauti yake alihakikisha inafika hadi getini.

Alisema kwamba Jumanne, mahali hapo, alimshtaki Mama Farid kuwa ametia sumu. Alisema huo ulikuwa uongo. Sumu ilikuwa chakula kilichooza, na aliyekitia ni yeye mwenyewe, Jecinta. Ndoo waliyoiona ilikuja tupu ikaondoka na uchafu wake. Samaki wote wanaowaona kwenye kasha walifika leo wakiwa hai kwa sababu ya chujio la Mama Farid. Na neno alilosema juu ya kanisa lilikuwa dhambi, na ameshalitubu mbele za Mungu, sasa analitubu mbele yao.

Salme alimtazama yule samaki.

"Huyu ni wa nini?" aliuliza. "Nadhiri yako si kwamba asionje mtu kabla ya kanisa?"

"Nadhiri ilikuwa ya watu wa nyumba yangu," Jecinta alisema. "Wewe hukuwamo. Na ni wewe uliyewalea wakati mimi ninawaua. Kula leo."

Salme alipokea sinia. Mdomo wake ulianza kutabasamu, akauzuia.

"Na Mei ijayo, hawa wadogo wakishakua?" aliuliza. "Ukipotelewa na kitu tena, mimi nitajificha wapi?"

Jecinta alirudi hadi kwenye tangi. Alikunja mkono wa sweta, akatumbukiza mkono katika yale maji baridi, mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Watoto wa samaki walikimbia, kisha wakarudi taratibu karibu na vidole vyake.

"Mimi, Jecinta Mukami," alisema, "mbele ya Mungu, mbele ya mume wangu, na mbele yenu nyote wa koti hili. Mei ijayo, samaki wakiwa tayari, nitawavua kabla ya baridi, na wa kwanza watakwenda kanisani siku hiyo hiyo, hata kama hakuna wa kunitazama. Na jambo lolote likiharibika kwangu, nitatia kwanza mkono wangu mwenyewe ndani ya maji, kabla sijataja jina la jirani."